Sonona Yenye Chanzo Mwilini: Jinsi ya Kukitafuta, Dalili kwa Dalili

Sonona, ambayo wengine huiita unyogovu, haina kipimo cha damu. Hutambuliwa kwa masimulizi: mtu hueleza kwamba kwa majuma mawili au zaidi amekuwa na huzuni karibu kila siku, au amekosa hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda, na kwamba pamoja na hayo usingizi wake umeharibika, nguvu zimemwishia, hamu ya chakula imebadilika, akili haitulii, mwili umekuwa mzito au una wahaka, anajiona hana thamani, au anafikiria kifo. Dalili hizo ni 9, na zikifika 5, moja ikiwa huzuni au kukosa hamu, ugonjwa unapewa jina. Ugumu unaanzia hapo hapo, kwa sababu tano kati yake, yaani usingizi, uchovu, chakula, umakini na mwili kuwa mzito, ni dalili ambazo tezi ya thairoidi (ya shingoni) iliyolegea, damu iliyopungua au figo zinazoshindwa kazi huzileta vilevile. DSM-5, mwongozo wa utambuzi uliotolewa na chama cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013, unaweka sharti kwamba dalili zisiwe zimeletwa na dawa, kilevi au ugonjwa mwingine wa mwili. Kwa maoni yangu hilo ndilo sharti linalorukwa kwa urahisi kuliko yote, kwa kuwa kulitimiza kunahitaji muda, maswali mengi na mkono wa kumpima mgonjwa.

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya mgonjwa, ndugu anayemsindikiza, na mhudumu wa afya anayemwona kwa mara ya kwanza. Yanaanza na dalili inayoonekana, kisha yanarudi nyuma kutafuta kinachoweza kuwa kimeileta na namna ya kukithibitisha. Hayamwondoi daktari, kazi yake ni kumfikisha mtu kwa daktari akiwa na maswali yanayofaa.

Hatari kwanza, chanzo baadaye

Mtu anayefikiria kujiua hasubiri majibu ya maabara. Aulizwe waziwazi kama anatamani kufa, kama ameshapanga njia, na kama ana kitu cha kujidhuru karibu naye. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, bali mara nyingi humpa nafasi ya kulitoa moyoni. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe alipo, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Uchunguzi wa tezi au wa damu utafanyika akiwa salama.

Hali ya pili isiyosubiri ni ile inayofanana na sonona lakini si sonona kabisa. Mzee aliyekuwa mchangamfu juzi, ambaye leo amelala tu, hajibu, hataki kula na haangalii watu, anaweza kuonekana kama mtu aliyevunjika moyo. Ikiwa mabadiliko hayo yamekuja kwa saa au siku chache, na yanapanda na kushuka, asubuhi akiwa na nafuu na jioni akiwa hajui yuko wapi, huo ni mkanganyiko wa ghafla wa akili. Nyuma yake huwa kuna maambukizi, upungufu wa maji au chumvi mwilini, sukari iliyoshuka, dawa mpya, au damu iliyovujia ndani ya fuvu baada ya kuanguka. Jaribio jepesi ni kumwomba ataje miezi ya mwaka kinyumenyume: mwenye sonona huenda polepole lakini hufuata, ilhali mwenye mkanganyiko hupotea njiani. Akipotea, au akiwa na homa, shingo ngumu, degedege, upande mmoja wa mwili uliolegea, au maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla, ni dharura.

Tarehe ni kipimo cha kwanza

Kabla ya kutoa hata tone moja la damu, chukua karatasi, chora mstari, na uandike mwezi ambao hali ya moyo ilianza kubadilika. Juu ya mstari huo huo andika kila dawa iliyoanzishwa, kuongezwa au kuachwa, kila ujauzito na uzazi, kila upasuaji, kila ugonjwa uliomlaza kitandani, kila mabadiliko makubwa ya uzito, na kila tukio zito la maisha. Wengi hudhani wanakumbuka mpangilio wa mambo hayo, lakini wakiuandika hugundua kwamba vidonge walivyovihesabu kuwa vya zamani vilianza majuma matatu tu kabla ya huzuni, au kwamba uchovu uliitangulia huzuni kwa mwaka mzima. Uchovu unaotangulia kwa muda mrefu ni kidokezo chenye uzito. Katika sonona ya kawaida moyo na mwili huwa vinadidimia kwa pamoja. Mwili ukitangulia mbali, uulizwe kwanza.

Mstari huo pia unaonyesha kama tatizo hili ni geni kwa mtu. Sonona inayotokea kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50, kwa mtu asiye na historia yake wala ya familia yake, inastahili uchunguzi wa mwili wenye umakini zaidi, na vivyo hivyo sonona isiyosogea baada ya dawa mbili tofauti kutumiwa kwa dozi ya kutosha na kwa muda wa kutosha. Hapa ninaomba tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba kuwapo kwa msiba hakufungi upelelezi. Mjane anaweza kuwa na huzuni halali na tezi iliyolegea kwa wakati mmoja, na huyu ndiye anayesahaulika kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kila mtu tayari ana maelezo ya hali yake. Ya pili ni kwamba kutokuwapo kwa msiba hakuthibitishi ugonjwa wa mwili, maana sonona nyingi hazina tukio la kuzielezea.

Dalili ilianza karibu na dawa mpya, au pamoja na kilevi

Dawa huja mbele ya magonjwa katika upelelezi huu kwa sababu ni chanzo kinachoweza kuondolewa. Zinazojulikana zaidi ni zile za jamii ya kotikosteroidi, kama prednisoloni, zinazotolewa kwa pumu, mzio na magonjwa ya viungo. Huanza kwa kumchangamsha mtu na kumnyima usingizi, kisha zinaweza kumwangusha, na mara nyingine mwanguko huja wakati dozi inapunguzwa. Wingi wa dozi una maana kubwa: katika uchunguzi wa wagonjwa wa hospitali huko Boston uliochapishwa mwaka 1972, matatizo ya akili yalionekana kwa asilimia 1.3 ya waliotumia miligramu 40 za prednisoni au pungufu kwa siku, na kwa asilimia 18.4 ya waliotumia zaidi ya miligramu 80.

Nyingine za kuulizia ni intaferoni, iliyotumika kwa miaka mingi kutibu homa ya ini ya aina ya C. Efavirenzi, iliyokuwa katika dawa za kufubaza VVU za watu wengi kabla ya doluteglaviri kuchukua nafasi yake. Meflokwini ya malaria. Levetirasetamu ya kifafa. Isotretinoini ya chunusi kali. Na montelukasti ya pumu, ambayo mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake zito kuliko yote kuhusu athari za akili. Dawa za kuzuia homoni za uzazi, zinazotumika kwa saratani ya tezi dume na kwa endometriosisi (tishu za mji wa mimba kuota nje yake), nazo zimo. Vidonge na sindano za uzazi wa mpango huwabadilisha baadhi ya wanawake na kuwaacha wengine bila athari yoyote, kwa hiyo hapo karatasi ya tarehe ndiyo mwamuzi. Dawa za presha za jamii ya propranololi zimelaumiwa kwa muda mrefu kuliko ushahidi unavyoruhusu. Zinaweza kuleta uchovu na ndoto kali, lakini si busara kuzitupia sonona yote bila kutazama kwingine.

Dawa za usingizi na wasiwasi za jamii ya diazepamu, pamoja na dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, zikitumiwa kwa miezi humfifisha mtu polepole kiasi kwamba yeye mwenyewe haoni mabadiliko. Ndugu ndio huyaona. Asiache dawa yoyote kati ya hizi kwa ghafla na kwa uamuzi wake mwenyewe. Diazepamu ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege, na steroidi zilizotumika kwa muda mrefu zikikatwa ghafla zinaweza kuuacha mwili bila kotisoli, steroidi inayotengenezwa na mwili wenyewe, hali inayoweza kuua.

Kuhusu pombe, swali la kama mtu anakunywa halitoshi. Linalofaa ni kiasi gani, siku ngapi kwa juma, na tangu lini. Pombe hushusha moyo, huvunja usingizi wa nusu ya pili ya usiku, na humpa mnywaji nafuu ya muda mfupi inayomfanya aamini kwamba ndiyo inayomponya. Sehemu kubwa ya huzuni iliyoletwa na pombe hupungua ndani ya majuma mawili hadi manne ya kuiacha, na ndiyo maana wataalamu hupendelea kumpima upya baada ya mwezi hivi kabla ya kuamua kama kuna sonona inayojitegemea. Anayekunywa kila siku kwa wingi aache chini ya uangalizi, kwa kuwa kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Kushuka kwa hali ya moyo baada ya kokaini au amfetamini ni mkali lakini mfupi zaidi, wa siku hadi majuma machache, na katika siku hizo hatari ya kujiua huwa kubwa.

Uchovu, baridi, uzito unaopanda, choo kigumu

Mkusanyiko huu unaelekea kwenye tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, inapofanya kazi pungufu. Uhusiano wake na akili si ugunduzi wa jana: kamati ya madaktari mjini London iliuandika mwaka 1888, na mwaka 1949 daktari Richard Asher alieleza wagonjwa 14 waliokuwa na wazimu kumbe tezi zao zilikuwa zimezimika. Hali mbaya kiasi hicho ni nadra leo. Inayopatikana zaidi ni ile ya mtu anayevaa sweta wenzake wakiwa na joto, ambaye ngozi yake imekauka, nywele zinakatika, sauti imekuwa nzito, hedhi imeongezeka, mapigo ya moyo yamekuwa ya polepole, na mawazo yanakwenda kana kwamba yanapita kwenye matope. Katika sonona ya kawaida kuhisi baridi na ngozi kukauka si sehemu ya picha, na hapo ndipo pa kutofautisha.

Kipimo ni TSH, homoni ambayo ubongo huitumia kuiamuru tezi. Ikiwa juu, kwa kawaida zaidi ya 4 hadi 4.5 kwa kipimo cha mIU/L, na T4 huru, homoni inayotolewa na tezi yenyewe, ikiwa chini, tezi imelegea kwelikweli na levothairoksini, yaani vidonge vya homoni hiyo, itahitajika. TSH ikiwa juu kidogo huku T4 ikiwa sawa, jambo linahitaji uangalifu: tafiti hazijaonyesha kwamba kutibu hali hiyo nyepesi huondoa sonona kwa uhakika, na mtu anaweza kumeza vidonge vya tezi kwa miaka huku sonona yake ikikosa matibabu. Kipimo kirudiwe baada ya miezi miwili au mitatu kabla ya kuamua. Anayetumia vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini nyingi aviache siku mbili au zaidi kabla ya kupimwa, kwa sababu hupotosha majibu ya baadhi ya mashine. Anayetumia lithiamu ya magonjwa ya akili au amiodaroni ya mapigo ya moyo apimwe tezi mara kwa mara, maana dawa hizo mbili huiathiri moja kwa moja.

Watu wa aina mbili hupotea katika kundi hili. Mama aliyejifungua anaweza kupata uvimbe wa tezi usiouma, ambao kwanza humharakisha moyo na kumnyima usingizi, kisha, mara nyingi kati ya mwezi wa 4 na wa 8 baada ya uzazi, humlegeza. Kila mtu atasema ni uchovu wa kulea, na pengine atasema kweli, lakini TSH moja inaumaliza ubishi huo. Mwingine ni mzee ambaye tezi yake inafanya kazi kupita kiasi. Kijana mwenye hali hiyo hutetemeka, hutoka jasho na hana utulivu, lakini mzee anaweza kukaa kimya, kukonda na kukosa hamu, akionekana mwenye sonona hasa. Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio ndiyo humfichua.

Uchovu, kuhema kwa kazi ndogo, mapigo ya moyo kwenda mbio

Hapa inaangaliwa damu. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, upungufu wa damu ni hemoglobini iliyo chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanaume, na chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Akiba ya madini ya chuma hupungua kabla ya hemoglobini kushuka, na huko mwanzoni mtu anaweza tayari kuwa na uchovu, miguu isiyotulia usiku, na hamu ya kutafuna barafu au udongo. Kipimo cha akiba ni feritini. Ikiwa chini ya 15 kwa kipimo cha µg/L, akiba imekwisha, lakini mwenye maambukizi au uvimbe mwilini anaweza kuonyesha namba ya juu huku chuma chake kikiwa kidogo, na kwake Shirika hilo linatumia kiwango cha 70. Upungufu wa chuma ukithibitishwa, swali linalofuata ni damu inapotea wapi. Mwanaume, au mwanamke aliyeacha hedhi, achunguzwe tumbo na utumbo. Vidonge vya chuma bila jibu la swali hilo vinaweza kuficha kidonda au saratani.

Ganzi miguuni, ulimi unaouma, kusahau, kuyumba

Vitamini B12 ikipungua huharibu damu na mishipa ya fahamu, na mishipa inaweza kutangulia hata kabla ya hesabu ya damu kubadilika. Walio hatarini ni wasiokula kabisa vyakula vya wanyama, wanaotumia metformini ya kisukari kwa miaka, wanaotumia dawa za kupunguza asidi ya tumbo kwa muda mrefu, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, wazee, na wenye kinga inayoshambulia tumbo lao wenyewe. Kiwango kilicho chini ya pikogramu 200 kwa mililita ni upungufu. Kati ya 200 na 300 jibu halina uhakika, na kipimo cha asidi ya methilimaloni, ambayo hupanda B12 ikipungua, husaidia kuamua. Kuna kosa moja ambalo ningependa kila msomaji alikwepe: kumeza asidi ya foliki peke yake kwa sababu mtu ana upungufu wa damu. Foliki inaweza kuirekebisha damu huku B12 ikibaki chini na neva zikiendelea kuharibika kimya kimya, na uharibifu uliokomaa haurudi nyuma wote. B12 ipimwe kwanza, au zitolewe zote mbili.

Watu wengi pia huulizia vitamini D. Upungufu wake huonekana mara nyingi kwa wenye sonona, lakini mtu anayekaa ndani kwa miezi hukosa jua, kwa hiyo huenda sonona ndiyo iliyoleta upungufu. Itibiwe kwa ajili ya mifupa na misuli, bila kutarajiwa kuwa dawa ya sonona.

Amelala kwa muda wa saa 8, ameamka amechoka

Mwenye sonona mara nyingi hulalamika kwamba hapati usingizi, au huamka alfajiri na kubaki macho. Anayelala usiku kucha na bado akasinzia akiwa amekaa, akiendesha gari au akiongea na watu, aulizwe habari za kukoroma, na aliye bora kuulizwa ni anayelala chumba kimoja naye. Kukoroma kwa nguvu, kisha kimya, kisha kushtuka kwa kutweta, ni kukatika kwa pumzi usingizini. Asubuhi huja na kichwa kinachouma na kinywa kilichokauka, na mchana huja na hasira, usahaulifu na kukosa hamu. Shingo nene, uzito mkubwa na presha isiyoshuka kwa dawa huongeza shaka, ingawa hata mwembamba anaweza kuwa nayo. Kipimo ni cha usiku mmoja, kinachohesabu mara ngapi pumzi hukatika au kufifia kwa saa. 5 ni mwanzo wa ugonjwa kwa mwenye dalili, na 30 ni hali kali. Jambo la haraka kwa mtu huyu ni kutompa dawa za usingizi kabla ya kupimwa, kwa kuwa baadhi yake huzidisha tatizo.

Sura, ngozi na nguvu ya misuli vimebadilika

Tezi za juu ya figo hutoa kotisoli. Ikizidi, uso huwa wa mviringo, mafuta hujaa tumboni na nyuma ya shingo huku mikono na miguu ikikonda, michirizi mipana ya zambarau hutokea tumboni, ngozi huvilia damu kwa kuguswa tu, na mtu hushindwa kuinuka kitini bila kujishika. Sonona ni mojawapo ya dalili za kawaida za ugonjwa huu, ambao Harvey Cushing aliueleza mwaka 1932, lakini kinachouleta mara nyingi zaidi ni steroidi za vidonge, sindano au krimu za kung'arisha ngozi. Kotisoli ikipungua, picha hugeuka: mtu hukonda, hutamani chumvi, husikia kizunguzungu akisimama, na ngozi yake huwa nyeusi zaidi kwenye mikunjo ya viganja, makovu na fizi. Kuzimia, kutapika na presha kushuka kwa mtu huyu ni dharura.

Kalisi (kalsiamu) iliyozidi kwenye damu, mara nyingi kutokana na tezi ndogo zilizo nyuma ya thairoidi, huleta huzuni pamoja na kiu, choo kigumu, mawe ya figo na maumivu ya mifupa. Hupimwa kwa damu ya kawaida. Kiu na mkojo mwingi vinaita pia kipimo cha sukari, ambapo 7.0 mmol/L kabla ya kula au HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita, ya asilimia 6.5 ni kisukari. Wenye kisukari hupata sonona takriban mara mbili ya wasio nacho, na kila moja humfanya mwenzake awe mgumu kutibika.

Mwendo, mkono au kumbukumbu

Ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo, unaweza kuanza na sonona miaka kadhaa kabla ya mkono kutetemeka. Dalili zake za mapema ni ndogo: mkono mmoja usiobembea mtu akitembea, mwandiko unaozidi kuwa mdogo, uwezo wa kunusa uliopotea, kufunga choo, na kupiga mateke au kupiga kelele ndotoni. Uso usioonyesha hisia huonekana kama huzuni, kwa hiyo mtu aulizwe moja kwa moja anajisikiaje ndani badala ya kusomwa usoni. Baada ya kiharusi, karibu theluthi moja ya walionusurika hupata sonona, na viharusi vidogo visivyotambuliwa vinaweza kuileta bila mtu kujua kwamba aliwahi kupooza kidogo. Kupoteza kumbukumbu kunahitaji subira ya pekee: mwenye sonona hulalamika sana kwamba anasahau, ilhali mwenye ugonjwa wa kupoteza akili mara nyingi hulalamikiwa na wengine. Picha ya ubongo haihitajiki kwa kila mwenye sonona. Iombwe pale penye dalili za neva, degedege, maumivu mapya ya kichwa yanayoongezeka, tabia iliyogeuka ghafla, au kuanguka kwa mzee anayetumia dawa za kuyeyusha damu.

Homa za mara kwa mara, kukonda, maumivu yasiyo na mahali

VVU, kaswende, kifua kikuu na homa ya ini hupimwa kwa urahisi, na kaswende iliyofika kwenye ubongo bado inatibika kwa penisilini. Maumivu ya viungo yenye ugumu wa asubuhi unaozidi nusu saa, vipele usoni vinavyochochewa na jua, au vidonda vya mdomoni visivyokwisha, huelekeza kwenye lupasi na magonjwa mengine ambayo kinga huushambulia mwili wenyewe. Kuharisha kwa muda mrefu pamoja na upungufu wa chuma kunaweza kuwa ugonjwa wa siliaki, ambapo utumbo hudhurika kwa gluteni ya ngano. Kukonda kwa zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya mwaka bila kukusudia hakupaswi kuelezwa kwa kukosa hamu ya chakula peke yake, hasa kwa aliyepita miaka 50. Saratani ya kongosho inajulikana kwa kutanguliwa na sonona kwa baadhi ya watu, na maumivu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni au kisukari kilichozuka ghafla hufanya uchunguzi usicheleweshwe.

Vipimo gani, na kwa nani

Kupima kila kitu kwa kila mtu hakusaidii. Namba 30 zikiombwa, huenda moja au mbili zikatoka nje ya kiwango kwa bahati tu, na mtu mwenye sonona atapata hofu juu ya huzuni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio wataalamu wa akili unataja vitu vichache vya kuondoa shakani: upungufu wa damu, utapiamlo, tezi iliyolegea, vilevi, na athari za dawa. Kwa mtu mzima mwenye sonona ya mara ya kwanza ningeanza na kupimwa kwa mikono, presha akiwa amelala na akiwa amesimama, uzito, hesabu kamili ya damu, TSH, sukari, figo, ini, sodiamu na kalisi, kipimo cha ujauzito kwa anayeweza kuwa nao, na VVU na kaswende kwa ridhaa yake. B12 na feritini zifuate dalili au hatari. Kotisoli ipimwe tu penye picha yake, kwa kuwa sonona yenyewe huipandisha. Testosteroni kwa mwanaume ipimwe asubuhi, mara mbili, iwapo kuna upungufu wa hamu na nguvu za ngono pamoja na misuli inayopungua.

Swali moja halina maabara na halipaswi kurukwa: je, amewahi kuwa na siku kadhaa za nguvu za ajabu, usingizi kidogo bila uchovu, maneno mengi, na matumizi ya fedha yasiyo ya kawaida yake? Jibu la ndiyo hubadilisha dawa atakayopewa, kwa sababu dawa za sonona peke yake zinaweza kumrusha juu.

Jibu linapopatikana, na lisipopatikana

Chanzo kikipatikana, sonona haigeuki kuwa ya uongo. Anayeambiwa kwamba tatizo lake ni tezi hujisikia mara nyingine kama aliyenyang'anywa haki ya kuhuzunika, na mwingine huacha mazungumzo ya tiba siku hiyo hiyo. Sonona na chanzo chake vitibiwe kwa pamoja ikiwa sonona ni ya wastani au kali. Anayeanza vidonge vya tezi hupimwa tena baada ya majuma 6 hadi 8, kwa kuwa TSH hutulia polepole, na hali ya moyo inaweza kuchelewa zaidi ya namba. Ikiwa tezi, damu au B12 vimerejea sawa kwa miezi mitatu na huzuni haijasogea, chukulia kwamba kuna sonona inayojitegemea, na tiba yake isiendelee kungojea.

Vipimo vyote vikiwa sawa, angalia kwanza kama tiba aliyopewa imetumika kweli: dozi gani, kila siku au kwa kurukaruka, kwa majuma mangapi. Dawa za sonona huhitaji majuma 4 hadi 6 katika dozi inayofaa kabla ya kuhukumiwa. Mzee aliyeanza dawa hizo kisha akazidi kulegea au kuchanganyikiwa katika majuma ya mwanzo apimwe sodiamu, kwa kuwa zinaweza kuishusha, zaidi kwa anayetumia pia dawa za kukojoza. Na karatasi ya tarehe isitupwe. Iongezewe kila dawa, kila kipimo na kila dalili mpya, kisha isomwe upya kuanzia mwanzo miezi mitatu baadaye, kwani dalili ya Parkinson, ya lupasi au ya uvimbe ambayo haikuwapo siku ya kwanza inaweza kuwa imejitokeza.